Mashimo Kumi, Mishale Tisa

Jilore, Jumamosi mchana

Mwanangu Sidi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukiteremka njia na mama yako, mkienda Malindi kwa fundi kuchukua lile gauni ambalo ameapa mara tatu kwamba limekwisha. Ulikuwa unatembea mbele na yeye anakuita upunguze mwendo. Basi wewe ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila sikaliki. Tangu asubuhi nimeingia na kutoka ndani ya nyumba hii mpaka kuku wamechoka kunikimbia. Nimelifungua sanduku lako mara mbili na kulifunga, bila sababu yoyote. Nimemwambia kila mtu aliyepita hapa kwamba kesho unakwenda Chuo Kikuu, hata yule muuza samaki wa kukaanga niliyekuwa nimemwambia jana. Akanijibu, "Mzee Kahindi, nimesikia. Na juzi pia nilisikia."

Kwa hiyo nimekaa chini niandike, labda mikono ikipata kazi na moyo utatulia. Karatasi hizi nimezichana mwisho wa kitabu cha vipimo kilichokwisha kazi yake, ndiyo maana zina mstari mwekundu katikati. Penseli ni ile ile ya ofisini. Barua hii nitakupa kesho ukiwa unapanda basi, na nakuomba usiifungue mpaka mmeshavuka feri ya Kilifi. Najua utaifungua kabla, lakini mimi nimeomba.

Sitakuandikia habari za chakula, wala nguo, wala kujifunika vizuri kwa ajili ya baridi ya huko bara. Hayo mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka basi ling'oe nanga. Mimi nina mambo mawili niliyokufanyia, na sitaki uende nayo bila kuyasikia kwangu. La kwanza unalijua vizuri, labda kuliko ninavyolijua mimi, ila hujawahi kulisikia likitoka kinywani mwangu. La pili hulijui kabisa. Nikisha kuyaandika, nitakuwa nimebakiwa na kazi moja ya kufanya leo jioni, na hiyo ndiyo inayonitoa jasho.

La kwanza ni la mshale.

Ulikuwa darasa la sita na shule zimefungwa. Tulikuwa tunapima mashamba huku huku Jilore, watu wapate hati zao, na mimi nilikuwa mshika mnyororo wa nyuma. Nikakuchukua uje ubebe maji ya kunywa ya watu wa kazi. Kazi yenyewe unaijua, lakini acha niiandike, maana nina raha ya kuiandika leo. Wa mbele anakwenda na mishale kumi, zile nyaya nene zenye pete kichwani na kitambaa chekundu. Mnyororo ukinyooka, anachoma mshale mmoja ardhini. Wa nyuma anasogea mpaka pale, anaung'oa, anaushika, na mnyororo unavutwa tena. Mwisho wa mstari, mishale iliyo mkononi mwa wa nyuma ndiyo idadi ya minyororo iliyopimwa. Hakuna mashine hapo. Ni mkono wa mtu tu, na sarveya, yaani mpima ardhi, anauamini.

Siku ile tulikuwa kwenye mpaka wa Hawe Kadzo, yule bibi mjane wa ng'ambo ya bonde. Mstari ulitakiwa uwe minyororo tisa, na hapo mwisho ipigwe bikoni, alama ya mpaka. Tulipofika kwenye kichaka, nyigu wakatuvamia. Nilikimbia nikipunga kofia kama mtu anayepandisha pepo, na nilipotulia tayari nilikuwa nimeupita mshale mmoja, umesimama palepale ulipochomwa, na mimi sina habari. Mwisho wa minyororo tisa sarveya akaniuliza nina mingapi. Nikahesabu, minane. Akasema vuteni mmoja tena. Tukavuta. Bikoni ikapigwa mnyororo mzima ndani ya shamba la Hawe Kadzo, na mikorosho yake mitano ikahamia kwa jirani. Yule bibi alikuja ameshika kichwa, akasema mpaka wa mumewe haukuwa hapo hata siku moja. Sarveya akamjibu kwa adabu kwamba mnyororo haumpendelei mtu, na mimi nikatikisa kichwa kumwunga mkono.

Jioni, wakati wa kutia mishale mfukoni, ikawa tisa. Unakumbuka nilivyofanya? Sikumwambia mtu. Nilikata waya kwenye ua wa mbuzi, nikaukunja kwa koleo, nikaufanya mshale wa kumi. Kitambaa chekundu ulinishikia wewe nilipokuwa nafunga. Ukautazama ule waya, ukanitazama mimi, ukasema polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:

"Baba, mimi nilikuwa mbele na maji. Yule wa mbele alitoboa ardhi mara kumi. Wewe ulikuwa na mishale tisa. Basi bikoni ya Hawe Kadzo imezidi."

Hesabu ilikuwa yako, mwanangu, na ilikuwa sawa. Mimi, mtu mzima niliyekuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo, nilikuwa sijaifikia. Nilikuwa nafikiria kugombezwa kwa kupoteza mshale tu, wala sikufikiria mpaka wa mtu. Na jibu nililokupa nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimelitafuna miaka yote hii:

"Mtoto wa kike haulizi kazi za watu. Nenda kamsaidie mama yako."

Ukaenda. Lakini asubuhi, chai haijawekwa mezani, ulikuwa umeshakwenda kwenye kile kichaka na kurudi. Uliuweka mshale karibu na kikombe changu, kitambaa chake kimelowa umande na mkono wako umevimba pale nyigu alipokuuma. Nilikunywa chai, nikauchukua mshale, nikaenda kwa sarveya, nikamwambia, "Bwana, jana jioni nilirudi peke yangu kuhakikisha, nikaukuta huu umesimama."

Unajua yaliyofuata. Mstari ukapimwa upya, bikoni ikang'olewa na kurudishwa, Hawe Kadzo akapiga vigelegele mpaka kwao. Sarveya akanishika mkono mbele ya watu, akasema hajaona mshika mnyororo mwenye jicho kama langu. Mwezi ule ule nikafanywa msimamizi wa kundi. Nilipoleta habari nyumbani, ulinipongeza. Ulinipongeza, Sidi, na ule mkono ulikuwa bado una alama.

Kosa lingeishia hapo lingekuwa kosa dogo. Lakini hadithi ile ilikuwa tamu, na mimi napenda hadithi, unanijua. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, nimeisimulia kwa makarani wapya wa ofisini. Kila nikiisimulia naongeza: nyigu wameshakuwa wengi, na mimi nimeshakuwa narudi kichakani jua limekwisha kuzama, peke yangu, na chui anasikika. Mara ngapi umekaa pale kwenye mkeka ukinisikiliza? Na kila msimu wa korosho Hawe Kadzo huja na kikapu chake, hukiweka magotini kwangu na kusema, "Chakula cha jicho lako, baba." Wewe ndiye uliyekuwa ukizikaanga. Ulizikaanga, ukazimenya, ukaniletea kwenye sahani.

Sasa nikuambie lini nilianza kuona aibu. Ulipokuwa kidato cha tatu ripoti yako ilikuja, na chini mwalimu ameandika kwamba mwanafunzi huyu ni hodari sana, lakini hazungumzi darasani, hata akiwa na jibu. Nilicheka, nikamwambia mama yako kwamba hiyo ni adabu, tumemlea vizuri. Mama yako hakucheka. Alinitazama tu na kuendelea kukuna nazi. Usiku kucha lile neno "hata akiwa na jibu" lilikataa kunitoka. Ni mimi niliyekufundisha. Ulikuja kwangu na jibu, nikakufukuza. Ukaleta ushahidi, nikautia mfukoni. Ungejifunza nini zaidi ya kunyamaza? Lakini aibu ya kimya ni rahisi kuishi nayo. Niliendelea kula korosho.

Sasa la pili. Kaa vizuri kwenye kiti cha basi.

Ulipokuwa kidato cha sita, ule mwezi wa kujaza fomu za kuchagua masomo ya Chuo Kikuu, nilikuja kukutembelea shuleni Mombasa. Nilikuletea mahamri na viatu. Tuliagana saa kumi, ukaenda bwenini. Wakati natoka, yule mwalimu wenu wa kuwashauri, yule mama mrefu mwenye miwani, akaniita ofisini kwake. Akaniambia kwa furaha kwamba umejaza upimaji wa ardhi kuwa chaguo la kwanza, na kwamba wasichana wake wengi wanajaza ualimu. Akaniuliza mimi, kama mtu wa kazi hiyo, nasemaje.

Ningesema nini? Wewe ulikuwa umeandika kazi yangu. Katika kazi zote za duniani umechagua ile uliyoiona ukinibebea maji. Baba mwingine angelia kwa furaha pale pale. Mimi nilimpa yule mwalimu hotuba. Nilimweleza habari za nyoka, na tembo wa huko juu, na kambi za wanaume watupu, na choo cha kuchimba kisichokuwa na mlango. Nikasema binti yangu ni mpole, atafaa zaidi kufundisha. Nikasema, "Mwandikieni ualimu, mwalimu. Mimi ndiye babake." Akachukua kalamu, akapiga mstari, akaandika.

Yale ya nyoka ni kweli, na yale ya choo ni kweli zaidi. Lakini hayakuwa sababu yangu, na barua hii haina maana nikikuficha hilo. Sababu yangu ilikuwa hii: nilijiona nimesimama porini, nimeshika mnyororo, na mtu aliyesimama nyuma ya darubini ya kupimia akiniambia "sogea kushoto" ni wewe. Nilisikia wenzangu wakicheka. Tangu uliposema unapenda hesabu, karani wetu alikuwa akinitania, "Kahindi, ipo siku utabebeshwa fito za kupimia na binti yako." Nilikuwa nacheka naye, lakini ule utani ulikuwa ukinichoma. Mtu aliyeingia kwenye uongozi kwa jicho la mtoto wake aliogopa huyo mtoto asije akatumia jicho lake mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyefanya jambo la busara. Nikamsimulia mama yako. Unamjua mama yako, hakusoma hata siku moja, na mambo ya fomu huniachia mimi. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akasema:

"Mara ya kwanza ulichukua kitu cha mtoto ukasema ni chako. Mara hii umechukua kitu cha mtoto ukakitupa. Ukimaliza hapo utamchukulia nini tena?"

Sikujua kama anajua. Miaka yote ile amekaa anasikiliza hadithi ya chui na hajafungua mdomo. Nikamwuliza nani amemwambia habari ya mshale. Akasema hakuna aliyemwambia, ila yeye ndiye aliyekupaka dawa kwenye mkono, na mimi sikuwa na alama hata moja ya nyigu. Kisha akauchukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Jumatatu sikwenda kazini. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikwenda na sikuomba ruhusa. Nilipanda basi la kwanza. Pale Kilifi feri ilikuwa upande wa Mnarani na haina haraka ya kuja, nikasimama ukingoni nikizungumza peke yangu mpaka mama mmoja akamvuta mtoto wake asikae karibu nami. Nilikuwa nawaza kwamba fomu zimeshatumwa. Daraja la Mtwapa tulilivuka nimefumba macho. Nilifika shuleni natweta, nguo zimelowa, nikamkuta mwalimu wako darasani, nikamngoja nje kama mwanafunzi aliyechelewa.

Fomu zilikuwa mezani kwake, zimefungwa kwa kamba, zinangoja kuchukuliwa mchana ule. Nikamwambia nimekuja kubadilisha neno langu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Wazazi wanaokuja kunibadilishia fomu za mabinti ni wengi, mzee. Wewe ndiye wa kwanza kurudi." Kisha akatoa fomu mpya, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeshachafuliwa kwa kalamu.

Unakumbuka ulivyoitwa ofisini siku ile, ukaambiwa ujaze fomu upya maana ya kwanza imemwagikiwa wino? Haikumwagikiwa wino, Sidi. Ilimwagikiwa na baba yako. Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, nimesimama katikati ya chaki na mipira ya netiboli, nasikia kalamu yako inavyokwaruza. Ulimwuliza mwalimu, "Niandike vile vile?" Akakuambia andika unachotaka. Ukaandika haraka, hukusita hata kidogo. Nilijibana pale mpaka ulipotoka, na nilipotoka mimi nilikuwa na unga wa chaki mpaka kwenye nyusi.

Hayo ndiyo mawili. Nilidhani nikiyaandika nitaona aibu zaidi, lakini nimeona raha, raha hasa, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Nimeinuka nikazunguka nyumba mara moja na kurudi.

Ile bahasha ya Chuo ilipofika posta ya Malindi, ni mimi niliyeichukua, na niliiona anwani nikaanza kukimbia bila kujua ninakokwenda. Nilikimbia mpaka ofisini. Sarveya wetu wa sasa akaisoma kwa sauti, upimaji wa ardhi, akaniuliza ni mtoto gani huyo. Nikamwambia. Akasema katika darasa lake yeye hakukuwa na msichana hata mmoja, na kwamba kama hali haijabadilika sana utakaa katikati ya wanaume kama jiwe jeupe kwenye kokoto. Karani akarudia utani wake wa fito. Nikamjibu, "Mungu akipenda." Na nilijibu kwa moyo, Sidi. Nilishangaa mwenyewe kwamba utani haukunichoma.

Basi ukikaa katikati ya hao wenzako, nina neno moja tu nalokuomba, na silitoi kwa ubora wangu, nalitoa kwa sababu ni mimi niliyeliharibu. Ukiona mashimo ni kumi na mishale ni tisa, sema. Usiseme vile ulivyoniambia mimi, kwa sauti ya kuogopa kuamsha mtoto. Sema watu wa nyuma wasikie. Mwenye mishale atakuwa mtu mzima, atakuwa na shahada na kofia, pengine atakuwa mpole na anakupenda, kama nilivyokuwa nakupenda mimi siku ile ile niliyokufukuza. Sema tu. Kuna mjane mahali fulani ambaye mikorosho yake inangoja wewe useme.

Na ukiuleta mshale, usiuweke karibu na kikombe cha mtu. Ushike mwenyewe mpaka kwa sarveya.

Najua pia utakosea. Utaupita mshale siku moja, nyigu wakiwa wengi. Msichana akikosea mahali kama hapo watu hufanya haraka kusema, mnaona, tulisema. Waache waseme. Wewe usikate waya wa ua kwenda kufunika. Ule usiku mmoja wa kukunja waya umenigharimu miaka mingi kuliko kugombezwa kote ambako ningegombezwa.

Sasa nasikia sauti yenu kule chini, mnacheka. Naona gauni limepatikana. Jua limeanza kushuka na watu wataanza kuja kukuaga; nimetandika mikeka nje na mama yako amepika pilau ya kutosha kijiji. Hawe Kadzo ametuma neno kwamba atakuja na kikapu. Na nakuhakikishia, hawajamaliza sahani ya kwanza, mtu ataniambia, "Mzee Kahindi, tupe ile ya mshale."

Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Naweka penseli.

Jumapili asubuhi

Nimeamka mapema kuongeza mistari michache. Wewe unaoga, nasikia maji. Mama yako anafunga mahamri kwa gazeti na kuyafungua na kuyafunga tena. Leo ni zamu yake ya kutotulia.

Jana ulikuwepo, lakini ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo kuna mambo hukuyaona na mimi niliyaona. Nakuandikia hayo.

Nilipoanza kusimulia, watu walikuwa wametulia na vicheko vyao mdomoni, wanangoja chui. Nikafika kwenye nyigu, wakacheka. Nikafika kwenye waya wa ua wa mbuzi, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, nikaona karani ameacha kutafuna. Kisha nikasema, "Hapo mtoto wangu Sidi akaniambia nimekosea, nikamfukuza." Nilikusudia kuendelea, nikashindwa, nikakutazama wewe. Hukuniona, ulikuwa unachora chora mkeka kwa kidole. Nikadhani nitaishia hapo na mambo yataharibika.

Ndipo ukainua kichwa, ukasema, na watu wa nyuma walisikia:

"Yule wa mbele alitoboa ardhi mara kumi. Baba alikuwa na mishale tisa. Asubuhi nikaenda nikaukuta."

Ukamaliza yote kwa maneno hayo machache, bila chui. Na mimi nikasema ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Ni yeye. Mimi sikurudi kichakani.

Nilipotazama nikaona mama yako analia huku anapakua pilau. Karani alikuwa ananitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza, na sikuona dharau machoni mwake. Hawe Kadzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka. Unajua magoti yake, kuinuka kwake ni safari. Alikuja mpaka nilipokaa. Kikapu cha korosho kilikuwa magotini kwangu, alikuwa ameshakiweka kama kila mwaka. Akakishika kwa mkono wake, akakiondoa. Hakunisema, hakunifokea. Akakibeba mpaka kwako, akakuwekea mapajani, akakushika ule mkono, na akaugeuza kama anayetafuta alama.

"Basi ni huyu," akasema. "Na mimi nalisha jicho la mtu mwingine miaka yote."

Watu walicheka, mimi kwanza. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Sijui lini mara ya mwisho nilicheka hivyo mbele ya watu nikiwa sina cha kulinda.

Korosho zako nimezitia sandukuni, chini ya gauni. Sijachukua hata moja. Na kwenye kona, nimekifungia ndani ya kitambaa, utakuta kitu kirefu chenye pete. Usishangae. Ni ule mshale wa waya wa ua. Nilikuwa nimeuficha kwenye paa tangu siku ile. Upeleke nao. Uusugue kutu, uutumie kuning'inizia nguo, upendavyo. Sitaki tena kulala chini yake.

Msimamizi mpya atakuja baada ya miaka miwili, wanasema mimi nimekaribia kupumzika. Nimemwomba sarveya jambo moja, akacheka, akakubali. Siku utakayokuja huku na darubini yako, hata kama nitakuwa nimeshastaafu, nitaitwa. Sitaki kusimamia kundi. Nataka nishike mnyororo wa nyuma, wewe uniambie sogea kushoto, nisogee. Na jioni tukimaliza, kabla mishale haijaingia mfukoni, nitakuja nayo mpaka ulipo, nitafungua mkono, na wewe utahesabu.

Basi linapiga honi kule chini. Toka bafuni, mama.

Baba yako,
Kahindi, wa nyuma